Wakili wa Kupewa

Rhobi wa Nyamwaga hakuwa mtu wa kuamini kitu cha bure. Wachuuzi wa ndizi waliokuja na fuso walimjua vizuri. Wakimtajia bei ya chini aligomba nao na kucheka. Wakimtajia bei nzuri kuliko ya wiki iliyopita aliurudisha mkungu nyuma kwanza, akauliza kulikoni. Hivyo ndivyo alivyolea wanawe tangu mumewe afariki, na hakuna aliyewahi kumpunja mara mbili.

Sasa serikali ilikuwa imempa wakili bure.

Felix, mwanawe wa pekee wa kiume, alikuwa mahabusu mwaka wa tatu, akishtakiwa kumuua mtu kule Kemambo usiku mmoja ng'ombe walipoibwa. Katika kesi ya mauaji, mtu asiye na uwezo hupewa wakili na mahakama. Kikao kilipopangwa Tarime, wakili akaja: kijana mwembamba aitwaye Selestine, viatu vyake vimeliwa kisigino.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani anakulipa?"

Kijana alicheka kidogo. "Serikali, mama. Kesi ikiisha."

"Na yule wa upande wa pili, anayetaka mwanangu anyongwe?"

"Naye ni serikali."

"Hiyo hiyo?"

"Hiyo hiyo."

Rhobi hakucheka. Kesho yake alimpelekea kuku jike mnene, amefungwa miguu, ili kumpima kijana huyo. Selestine akarudi nyuma kama aliyeonyeshwa nyoka. Alisema haruhusiwi kupokea kitu kutoka kwa ndugu wa mshtakiwa, malipo yake yameshapangwa. Kule kwao Rhobi, mtu akiikataa zawadi yako mbele ya macho yako ana neno moyoni. Aliporudi na kuku wake, jirani yake Elieth, aliyefuatana naye mahakamani kila siku, alipiga makofi.

"Amekataa kuku? Wee! Basi huyo ameshakula ng'ombe mahali."

Mchana huo wakamwona kwenye mgahawa ng'ambo ya barabara, amekaa meza moja na wakili wa serikali anayemshtaki Felix, wanakunywa chai, mmoja anamsogezea mwenzake sukari.

"Umeona?" Elieth akanong'ona.

Rhobi alikuwa ameona. Ndiyo maana alizidi kukaza mdomo juu ya jambo moja ambalo ni yeye na Felix tu waliolijua pale. Usiku ule Felix hakuwa Kemambo. Alikuwa na Zablon, mtoto wa marehemu dada yake Rhobi, wanavusha mahindi kwenda Kenya kwa njia ya panya. Lakini magendo nayo ni kesi, na Zablon ana watoto wadogo. Kulisema hilo kwa mtu anayelipwa na serikali, Rhobi aliona ni kuipa serikali wanaume wawili badala ya mmoja. Siku ya kwanza alipomtembelea Felix mahabusu alimwambia: sema ulikuwa nyumbani, umelala.

Siku chache baadaye Selestine alimwita pembeni, chini ya ukuta wa mahakama.

"Mama, Felix anasema alikuwa amelala nyumbani. Shahidi wao mmoja anasema alikwenda kugonga mlango wake usiku huo huo, hakukuwa na mtu. Akilisema hilo mbele ya jaji, mwanao ataonekana mwongo, na mwongo katika kesi hii ananyongwa. Alikuwa wapi?"

"Alikuwa amelala."

"Mama."

"Mimi nilizaa huyo mtoto. Wewe umempata juzi."

Selestine akaketi juu ya jiwe, kwa mara ya kwanza akionekana amechoka. Rhobi alimtazama jinsi anavyomtazama mchuuzi anayetaka kuondoka.

"Malipo yako," akasema, "yanahesabiwa kwa siku?"

"Hapana. Ni kwa kesi. Iwe ya siku moja au ya mwezi mzima, ni ile ile. Ya mwaka jana sijalipwa mpaka leo."

"Kwa hiyo Felix akikubali kosa kesho asubuhi?"

"Naenda nyumbani, na nalipwa vile vile."

"Mbona hujamwambia akubali?"

Kijana alifuta vumbi kwenye kiatu chake. Kisha akasema, "Kwa sababu nadhani hakuua."

Rhobi hakuyaamini maneno yale. Maneno hata wachuuzi wanayo. Aliiamini hesabu. Mtu huyu alikuwa anapata hasara kila siku aliyokaa Tarime, na bado alikuwa amekaa pale juu ya jiwe, anauliza. Au ni mjinga, au ni mkweli. Au analipwa upande mwingine ili auchimbe ukweli na kuupeleka. Alizigeuza dhana zote tatu kichwani, na hakuna aliyoweza kuitupa.

Lakini mlango ule uliogongwa bila mtu kuitika ungemnyonga Felix hata hivyo, akamwambia. Alimwambia huku akimwangalia mkono kama utashika kalamu, na wakili alipotaja jina la Zablon kwa sauti, aligeuka kutazama kama kuna anayepita.

"Ungeniambia mapema, mama. Sheria inataka tuseme kabla ya kesi kuanza kusikilizwa. Sasa watasema tumelitunga."

"Ningekuambiaje? Ningejuaje wewe ni wa nani?"

Selestine akainuka kwenye jiwe, akajipangusa suruali.

Asubuhi yake alisimama mbele ya jaji na kuomba Zablon aitwe. Wakili wa serikali alipinga kwa maneno makali, bila dalili yoyote ya chai ya pamoja. Jaji akaandika kwa muda mrefu, kisha akakubali shahidi aitwe, ila katika kikao kijacho. Felix akarudishwa kwenye karandinga la magereza.

Selestine alikuwa anafunga mfuko wake Rhobi alipomfikia.

"Kikao hicho utakuja wewe?"

"Nikipangiwa, mama."

"Na usipopangiwa?"

"Atapangiwa mwingine. Atasoma jalada."

Mwingine. Mtu mwingine asiyemjua, naye akiwa na jina la Zablon mkononi. Rhobi akamshika wakili mkono wa koti, si kwa upole.

"Ofisi ya karani iko wapi?"

"Mama, mambo haya hayaendi hivyo."

"Iko wapi? Twende ukaseme mbele yangu kwamba kesi hii ni yako, nikisikia kwa masikio yangu."

"Na wakikataa?"

"Basi tutakaa hapo wote wawili."

Selestine akatazama saa, akatazama barabara ya kwenda stendi. Kisha akatangulia mbele kuelekea ofisi ya karani, na Rhobi akamfuata nyuma kwa karibu, asimwache apinde kona peke yake.