Siku Landrova Ilipokataa Kuzima Mbele ya Mama Mkwe

Ndugu zangu, kuna aibu za kumalizia ndani ya nyumba na kuna aibu za kushuhudiwa na mtaa mzima, na hii yangu ni ya mtaa mzima, tena mtaa wa wakwe, na nawasimulia leo kwa sababu wajukuu zangu wameshaisikia kwa watu wengine ikiwa imetiwa chumvi, kwa hiyo bora chumvi niitie mwenyewe.

Ilikuwa miaka ile ya ujamaa, tumeshahamia kijijini upande wa Handeni, na dereva wa Landrova ya kijiji nilikuwa mimi. Gari lenyewe la dizeli, limechakaa, mlango mmoja unafungwa kwa kamba, lakini ndilo lililobeba mahindi yetu na mbolea yetu na kinamama wenye uchungu kuwawahisha hospitali, kwa hiyo kijiji kilikuwa kinalitunza kama mboni ya jicho, na mimi niliyeshika usukani nilijiona mkubwa kuliko mwenyekiti (shati nililichomekea hata nikienda kulima). Sasa nilikuwa nimempenda binti mmoja wa Korogwe, mtaa wa Kilole, anaitwa Zaina, na kijiji kikakubali nilichukue gari siku moja niwapeleke wazee wangu kuposa. Msemaji wetu alikuwa mwenyekiti mwenyewe, Mzee Mhina, mtu wa maneno matamu na kofia safi.

Asubuhi ya safari nikapima oili, nikakuta imeshuka. Oili ya dizeli katika pipa letu ilikuwa imekwisha, ilitakiwa niende Handeni mjini nikapange foleni, na wazee wameshavaa kanzu wako pale nje wanakohoa (wazee wakikohoa namna ile hawaumwi, wanakuharakisha). Nikakumbuka kopo la oili nyepesi nililopewa na rafiki yangu anayeendesha gari la petroli. Nikajiambia, oili ni oili, si yote inateleza? Nikamimina. Kijiti cha kupimia kikaonyesha imetosha, nikamimina tena, maana safari ni ndefu na mimi nikaona naishibisha injini.

Njiani gari likawa jepesi ajabu, nikawa najisifu kimoyomoyo. Tulipovuka Mto Pangani moshi wa bluu ulikuwa unatufuata kama mkia. Mzee Mhina akageuka akauliza, "Kijana, huo moshi ni wa nini?"

"Injini inajisafisha, mzee," nikamjibu. (Mungu anisamehe.)

Tukafika Kilole. Vigelegele, mikeka imetandikwa uani, majirani wamejaa, na mimi badala ya kusimama kwa adabu kama mtu aliyekuja kuomba mke, nikakanyaga mafuta kwa nguvu ili mtaa ujue kwamba mkwe ameingia. Kisha nikavuta kile kidude cha kuzimia injini.

Haikuzima. Nikavuta tena. Mguu wangu uko juu, sijagusa mafuta, na injini inapanda sauti yenyewe, inapanda, inapanda, mpaka vioo vinalia. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba ile oili nyepesi niliyoizidisha ilikuwa imepenya ndani inakoungulia dizeli, na injini ya dizeli haichagui, ikipata cha kuunguza na hewa inakwenda tu, kwa hiyo nilipoikatia dizeli nilikuwa naikatia kitu isichokihitaji. Nikatia gia nikabana breki ili izimike kwa nguvu, mguu ukateleza, gari likaruka kama mbuzi aliyechapwa, likapita na kamba ya nguo za mama mkwe (kanga zilikuwapo, na nyingine sitazitaja), nami nikawahi kuitoa gia kabla hatujaingia jikoni.

Moshi ukafunika ua wote. Baba mdogo wa Zaina, mtu mnene aliyekuwa amejiandaa kutupokea kwa heshima, akapiga kelele, "Linalipuka!" na wote wakatimua mbio, wakwe na waposaji pamoja, Mzee Mhina mbele kabisa, ndala moja mguuni.

Hata mimi miguu ilitaka kuwafuata. Lakini nikawaza, injini hii ikifa, mwanamke akishikwa na uchungu kule kijijini tutambeba kwa kitu gani? Nikafungua boneti, nikabaki nimeikodolea macho kama mtu anayesoma Kichina.

Hapo ndipo mama Zaina alipotoka jikoni. Mwanamke mwembamba, unga mpaka viwiko, mkononi ana kibao cha kusukumia chapati. Hakuuliza kitu.

"Chomoa mpira wa hewa!"

"Mama?"

"Huo mnene! Chomoa!"

Nikauchomoa, naye akakibandika kile kibao juu ya tundu akakilalia kwa uzito wake wote. Injini ikavuta, ikakosa hewa, ikakohoa, ikatetemeka mpaka nikahisi meno yanagongana, ikafa.

Na kwetu mkwe ni mtu ambaye hata njiani unampisha kwa mbali, macho chini, na mimi nilikuwa nimebanana naye bega kwa bega ndani ya boneti, nyuso zetu nyeusi kwa masizi, na kanga yake imening'inia kwenye taa ya gari. Nikasema neno la kwanza lililonijia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umetia oili gani humu?"

Uongo nilikuwa nao tayari, wa barabara mbovu na wa joto, lakini kwa mtu aliyefanya vile niliona haya. "Ya gari la petroli, mama. Tena nikazidisha."

Akatikisa kichwa taratibu. "Mimi naangalia mashine ya kusaga ya kinamama hapa mtaani tangu baba yake Zaina afariki. Na sisi tuliwahi kuijaza oili kupita kiasi, ikatukimbia hivihivi. Siku ile nililia. Wewe umelia?"

"Bado, mama."

Waliokuwa wanachungulia nyuma ya uzio wakaangua kicheko. Baba mdogo akarudi, anahema, amekasirika. "Shemeji, huyu ndiye tumpe mtoto? Hajui hata gari lake linakula nini!"

Mama akajifuta uso kwa kiwiko, unga ukachanganyika na masizi. "Nilipotoka jikoni niliiona migongo yenu nyote," akamwambia. "Uso niliouona ni wa huyu peke yake. Oili atajifunza. Ingieni ndani, chapati zinapoa."

Basi maneno matamu ya Mzee Mhina hayakuhitajika tena (na asingeweza kuyasema, alikuwa anatafuta ndala). Posa ikapokelewa. Jioni kabla jua halijazama nikaimwaga oili yote, kinamama wakatuazima oili nzito ya dizeli, nikatia mpaka kwenye alama na si tone zaidi, injini ikawaka na ikazima nilipoiambia. Nguo nilizozitia masizi nilizifua mwenyewe, na Zaina alinichungulia dirishani, kashika mdomo asicheke.

Miaka yote niliyokuwa mkwe wa mama yule hakunitania hata siku moja. Jirani akianza kusimulia, mama atasema, "Gari la mwanangu lilipata joto kidogo," kisha atauliza habari za mvua. Mtu mwenye uwezo wa kukucheka mbele ya mtaa mzima akaamua kukusitiri, huyo mimi namvulia kofia.

Ama mimi, niliapa, na kiapo hakijavunjika: oili isiyoandikwa dizeli haiingii kwenye dizeli yangu, na ikishafika alama mkono unasimama. Na kama haipo, wazee wakohoe tu mpaka wachoke. Gari litalala, tutakwenda kesho.