Mamba wa Fadhila

Nilipokuwa mtoto, kabla sijajua kusoma, wanyama wetu wote walikuwa wa udongo. Mimi na Fadhila, binti wa mama mkubwa, tuliwafinyanga nyuma ya jiko la Bibi, katika kijiji kilicho karibu na Ruvuma, pale mto unapoanza kupanuka kuelekea baharini. Tulifinyanga tembo, kasa, na kuku waliokataa kusimama. Pembe zilikuwa vijiti, macho yalikuwa kunde. Kisha mmoja alimficha mnyama mgongoni na kuigiza mlio wake, mwingine akataja jina. Fadhila alikuwa mkubwa kwangu. Kuhesabu nilijifunza kwake, kwa kupanga wale kuku.

Sasa ninafundisha chekechea mjini, mtaa wa Ufukoni. Watoto wangu hukata simba kwenye maboksi na kutengeneza mamba kwa trei za mayai, kwa sababu trei tayari ina mgongo wake. Wazazi husifia. Mimi hubandika ukutani, nikafagia vipande.

Bibi hakuwa mtu wa makatazo. Alikuwa Mmakua aliyezaliwa ng'ambo, upande wa Msumbiji, akaolewa huku. Alitukataza jambo moja tu: kumfinyanga mamba.

"Ukimtengeneza umemwita," alisema. "Naye akiitwa, anaitika."

Fadhila alimfinyanga hata hivyo. Alikuwa mamba mzuri, niseme kweli. Meno yalikuwa miiba, na mgongo aliuchomachoma kwa njiti ya kiberiti mpaka ukawa na magamba. Alimwanika juani, na hapo Bibi akamwona. Uani palikuwa na majirani wakimenya karanga. Bibi hakupiga kelele. Alimchukua mamba, akamtumbukiza kwenye ndoo ya maji, akasubiri ayeyuke.

"Fadhila, mtoni usiende tena mpaka nikuruhusu."

"Na maji yakiisha, Bibi?"

"Nitakwenda mimi."

Majirani walicheka, wakaendelea na karanga zao.

Muda si mrefu Bibi alikwenda Mpapura kwenye msiba wa ndugu. Maji yakaisha. Mama mkubwa akamwambia Fadhila aongozane na kina mama wengine, kulikuwa na wengi asubuhi hiyo, hakukuwa na la kuogopa. Alijitwika ndoo yake ya bluu akaenda. Nilikuwa mlangoni nikinywa uji.

Waliporudi walikuwa wanakimbia. Walisema maji yalitikisika mara moja tu. Wanaume walishuka na mitumbwi, wakatafuta mpaka siku zilizofuata. Walipata kitenge chake. Yeye hawakumpata.

Nakumbuka kwamba jioni nilipewa ugali, nikala, nikaomba mwingine. Nilingoja kilio kije, kama kilivyowajia wengine. Hakikuja. Mpaka leo sina cha kueleza juu ya siku ile zaidi ya uji na ule ugali.

Bibi aliporudi kutoka Mpapura, uani palikuwa pamejaa watu, na hakuna aliyempokea mzigo. Jirani mmoja, Mama Hadija, ndiye aliyesema.

"Tulikuwepo sote. Ulimwambia asiende mtoni. Ulijuaje?"

"Nimechota maji mto ule tangu nikiwa mwari," Bibi alisema. "Mnaniuliza nimejuaje?"

"Wengine sote tumechota pia. Hatukujua."

Neno lenyewe halikutamkwa mbele yake. Lilisemwa njiani na mashambani: kwamba kuna mamba wa Mungu na kuna mamba wa kutumwa, na anayejua mapema ndiye anayetuma. Bibi alimtazama mama mkubwa, mtoto wake wa kumzaa, amtetee. Mama mkubwa aliinamisha kichwa. Tangu siku ile hakumwamkia tena, wala hakula chakula kilichopikwa na mkono wake. Kabla ya mvua Bibi alifunga vitu vyake akavuka, akarudi kwa ndugu zake.

Nilimfuata nikiwa mtu mzima, nimeshaanza kazi. Nilimkuta akipepeta mpunga.

"Mama yako mkubwa hajambo?"

"Hajambo, Bibi."

"Huwa ananiulizia?"

Aliendelea kupepeta, na mimi nikaokota punje zilizoanguka.

Nimefundisha watoto wadogo kwa muda mrefu sasa, na ninachoamini ni hiki: Bibi hakuona lolote la mbele. Alijua mto, na alijua watoto. Mtoto ukimwambia mtoni kuna hatari, anaitikia halafu anasahau. Ukimwambia mnyama wa udongo anaitika, anakumbuka. Alitafuta maneno ya kutuweka mbali na maji, na maneno hayo hayo yakamhukumu. Labda mama mkubwa alilijua hilo pia. Lakini angelikubali, ingebidi akumbuke ni nani aliyesema hakukuwa na la kuogopa.

Habari za kifo cha Bibi zilitufikia kwa simu. Mama mkubwa alikuwa kwangu, akichambua mchicha. Nilimwambia. Mikono yake haikusimama.

"Nani alimwosha?" aliuliza.

"Wanawake wa huko. Majirani zake."

Aliitikia kwa kichwa, akaendelea na mchicha. Kumwosha mama yake ilikuwa kazi yake yeye, na sote wawili tulilijua hilo.