Njia ya Maji Haipigiwi Kura

Mwanangu, ipo siku moja ya kiangazi ambayo hunijia upya kila uchaguzi unapotugawa. Nilikuwa kijana, nimetoka chuo kikuu huko Kampala, nimerudi kwetu, kwa Wapokomo wakulima karibu na Garsen, na hakuna nililolikubali bila kulihoji. Ulikuwa wakati wa mkoloni, Waafrika walipopiga kura kwa mara ya kwanza. Kura zenyewe zilikuwa za ajabu: mimi, kwa sababu ya masomo, nilipewa zaidi ya moja, babu yangu Komora, aliyelima ukingo wa Tana maisha yake yote, hakupewa hata moja.

Matokeo yalipofika, kijiji kilichemka. Mtu wetu alikuwa ameshindwa, na ikavuma kwamba jirani zetu Waorma, wafugaji, walimpa kura mpinzani wake. Nikauliza nani ameona.

"Lisemwalo lipo," akanijibu rafiki yangu Buya. "Wewe na maswali yako, kawaulize ng'ombe wao. Kesho wanakuja kunywa."

Akaenda na wenzake kukata miiba, wakaiziba malka, ile njia inayopita katikati ya mashamba yetu ili mifugo ifike mtoni. Mkulima hajawahi kuilima malka, sembuse kuiziba.

Asubuhi vumbi likapanda. Ng'ombe mwenye kiu akinusa maji harudi nyuma. Vijana wao walikuwa na mikuki, wetu na mapanga, nami nikajua kwamba siku ile tutazika mtu.

Babu akapita katikati yetu, akaanza kuiondoa miiba kwa mikono.

"Babu, hawa wametuibia," Buya akasema.

"Wamekuibia nini, mjukuu wangu? Mto si huo hapo?"

"Watayakanyaga mahindi yako."

"Basi njoo usimame uyalinde. Au unaogopa ng'ombe, na wenye ng'ombe ulitaka kupigana nao?"

Akasimama ukingoni mwa shamba lake. Upande wa pili akaja mzee wa Kiorma, Galgalo, akasimama vivyo hivyo, mikono wazi. Kisha ng'ombe wakaja. Ardhi ilitetemeka chini ya nyayo zangu. Pembe zilikuwa kama msitu unaokimbia, na wale wazee wawili wembamba wamesimama kama miimo ya mlango, wakiwatuliza wanyama, huyu kwa Kipokomo, yule kwa Kiorma. Mabua machache tu yalilala. Buya aliweka panga chini, akaenda kusimama nyuma ya babu. Nami, mwenye maswali yote, sikubaki na hata moja.

Wazee wale walipokuwa wakinawa mtoni, Galgalo akasema, "Komora, nasikia nilipiga kura. Ina ladha gani?"

"Ningejuaje," babu akamjibu, "hata mimi sikuonjeshwa."

Wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Mwanangu, sikwambii uache kuhoji. Mimi sijaacha mpaka leo. Kura ikiharibiwa, idai haki yako mchana kweupe. Ila usimfungie jirani yako maji kwa ajili ya mtu aliye mbali, asiyelijua hata jina lako. Fimbo ya mbali haiui nyoka; atakayekuja kuchimba kaburi lako ni huyu wa hapa.

Mungu akupe kiu inayokumbuka kiu ya mwenzako, na siku vumbi litakapopanda, akukute umesimama ukingoni, mikono wazi.