Vidoa Viwili Viwili

Fundi wa maabara waliyemwita Mama Vioo alikuwa amepigana na vumbi kwa miaka ishirini na miwili, na kwa hesabu zake vumbi lilikuwa nyuma kwa mabao mengi. Asubuhi hiyo likaanza kuyarudisha. Kwenye kioo chenye seli za uvimbe wa mgonjwa mmoja, vidoa vidogo vilikuwa vimezagaa katikati ya kromosomu.

"Kichafu hicho, Mama," daktari akasema baada ya kuchungulia. "Tupa. Alhamisi tutamkata tena, tupate kipande kingine."

Mgonjwa mwenyewe alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, na kovu la kwanza lilikuwa bado bichi.

"Nimeandaa vioo vitatu, vyote viko hivihivi."

"Basi andaa cha nne."

Mama Vioo akainamia darubini kwa ukaidi tu. Ndipo akaona kwamba kila kidoa kilikuwa na pacha wake ubavuni.

"Daktari, hebu njoo. Uchafu gani huu unaotembea na mwenzake?"

Daktari akatazama, akarekebisha lenzi, akatazama tena. Zilikuwa jeni za saratani, zimetoka nje ya kromosomu na kujinakili huko pembeni, mbili mbili, bila kuomba ruhusa ya mtu.

"Jibu tulilotaka kulitafuta kwenye kipande kingine ndilo hili. Na mimi nilitaka litupwe!"

"Afadhali wewe. Mimi nililitukana."

Daktari akatoka kumwambia mgonjwa kwamba Alhamisi hakatwi. Aliporudi, akabandika karatasi kwenye kioo: "Kina madoa. Kisiguswe."