Kupimwa kwa Mizani ya Pamba

Hofu yangu kubwa katika ngumi haikuwa kupigwa. Kupigwa kunazoeleka. Nilichoogopa ni mizani, kwa sababu uzito wangu, ule wanaouita laiti hevi, una ukomo wa kilo sabini na tisa na ushee, na mimi nikiachwa nile ninavyotaka nafika tisini bila kujitahidi. Nafasi ya kugombea mkanda wa taifa ilinijia nikiwa na miaka thelathini na tatu, umri ambao mapromota wameshaanza kukuita mzee. Nilipewa wiki nane kujiandaa, pambano Mwanza, na nilijua fika sitaitwa tena.

Kupungua ukiwa Bariadi ni balaa. Mtu mwenye mwili akikonda kwetu haulizwi anafanya mazoezi gani. Anaulizwa anaumwa nini, na wengi hata hawaulizi, wanamalizia wenyewe. Wiki ya tatu mashavu yangu yalikuwa yameingia ndani, na nikipita sokoni kwenye meza za dagaa mazungumzo yanakatika. Mama aliniwekea michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na maziwa mgando, kisha akakaa pembeni kunitazama nisivyokula.

“Ng'wanone, mwanangu,” aliniambia siku moja, “kama kuna kitu, niambie mimi kwanza. Nisije nikasikia kwa watu.”

“Mayu, ni ngumi tu.”

“Ngumi gani zinakumaliza hivi na bado hujapigwa?”

Kwa maswali kama hayo niliacha hata kwenda zahanati kujipima uzito. Mara ya pili tu nilipopanda mizani yao, muuguzi alishusha sauti akaniuliza kama nimeshapima damu, na akina mama waliopakata watoto wakatazama chini wote kwa pamoja. Nilitoka nimelowa jasho. Nilikuwa tayari kupigana na mtu yeyote wa uzito wangu, lakini macho ya wale akina mama yalinishinda.

Kocha wangu, fundi wa kuchomelea mageti aliyecheza ngumi enzi zake, alifahamiana na karani wa kituo cha kununulia pamba katika kijiji kimoja nje ya mji. Msimu ulikuwa umeisha, ghala tupu. Kila Jumamosi asubuhi tulikwenda huko. Mizani ilining'inia kwenye boriti, karani akasogeza benchi, mimi nikashika ndoano kwa mikono miwili na kukunja miguu kama gunia, kocha akasoma mshale. Themanini na sita. Themanini na tatu. Jumamosi ya mwisho, sabini na tisa kamili. Kocha alinipiga begani kwa furaha. Mimi nilishindwa kufurahi. Nilikuwa nimezoea kulala nikijishika mbavu na kuamka nikiwaza kama kile kikombe cha uji kilizidi.

Siku ya kupima uzito Mwanza nilipanda mizani ya kielektroniki mbele ya bingwa mwenyewe, kijana mpole aliyenipa mkono vizuri. Ofisa akasoma themanini na moja na nusu. Nikamwomba arudie, akarudia. Zilikuwa zimezidi kilo mbili na kitu.

Nilimtazama kocha, naye akanitazama, na nadhani tulielewa kwa wakati mmoja. Baba yangu alilima pamba maisha yake yote. Nimekua nikimsikia yeye na majirani wakilaani mizani za wanunuzi kwamba zinakula kilo, kila msimu, kila mzigo. Mimi, mtoto wa mkulima wa pamba, ndiye niliyekwenda kuning'inia kwenye ndoano ile na kuiamini. Sijawahi kujiona mjinga kiasi kile.

Tulipewa saa mbili. Nilikimbia nyuma ya ukumbi nimevaa majaketi mawili. Nikakaa ndani ya gari lililofungwa vioo juani, nikitema mate kwenye chupa huku kocha akininyoa nywele. Moyo ulinigonga mpaka masikioni. Nilikuwa nikiwaza jambo moja tu: nisife hapa, maana nikifa mama ataamini kwamba yale ya sokoni yalikuwa kweli.

Nilipopanda tena ilisoma sabini na tisa na gramu mia nane. Bado nilizidi karibu nusu kilo. Muda ukawa umekwisha.

Wakubwa wa ngumi wakakaa, kisha wakatuita. Pambano litakuwepo, ila mkanda mimi siugombei. Nikipigwa, ni wa bingwa. Nikishinda, pia ni wake. Kocha aliniuliza kama nataka turudi nyumbani, nikakataa.

Kesho yake nilicheza raundi kumi nikiwa na wasiwasi zaidi na miguu yangu kuliko ngumi za yule kijana. Kila raundi nilitegemea magoti yaniache, na hayakuniacha. Raundi ya saba nilimwangusha. Majaji wote watatu walinipa mimi, refa akauinua mkono wangu, na kwa dakika moja hivi nilisahau.

Kisha mtangazaji akataja jina la bingwa, la yule kijana. Wakamfunga mkanda kiunoni, jicho lake moja limefumba kabisa. Aliona haya, akaniinamia.

“Samahani, braza,” aliniambia.

Nikamwambia hana kosa. Watu wakampigia makofi, nami nikapiga, glovu zikiwa bado mkononi, huku nikilia waziwazi. Waliokaa viti vya mbele walidhani nalia kwa furaha.