Radi Amshinda Kifaru Sokoni Ngulyati

Nichekeni tu, nilijitakia mwenyewe. Mimi ni mtangazaji wa gari la matangazo, na juzi tulikwenda sokoni Ngulyati kutangaza mashindano ya ngoma ya jioni ile. Huku kwetu ngoma mbili huchezwa kwa wakati mmoja, na inayovuta watazamaji wengi ndiyo mshindi.

Nilipomaliza kutangaza, nikaweka maiki kwenye kiti na kuendeleza ubishi wetu na dereva, Masanja. Tunasoma kitabu kimoja cha katuni. Yeye ni wa Kifaru, jitu lenye ngozi ya chuma. Mimi ni wa Radi, dada anayerusha umeme.

"Kifaru atamkanyaga tu," akasema.

"Amkanyage nani? Radi akiinua mkono mmoja, Kifaru anakimbilia Mwanhuzi! Radi hajashindwa, na leo hashindwi!"

Nilifoka, nikapiga dashibodi, mpaka Masanja akanyoosha mikono juu. Nimeshinda! Nikashuka garini kifua mbele.

Nje, soko lilikuwa limegawanyika. Watu wachache walisimama upande wa mnada wa ng'ombe. Umati mzima ulikuwa upande wangu, ukishangilia. Kumbe maiki sikuizima! Nikawapungia mkono kama mbunge.

Mama mmoja akanisogelea, kanga ameshaifunga kiunoni.

"Baba, sisi wote tuko kwa Radi. Wachezaji wake wako wapi, waanze?"

"Mayu, mama yangu," nikasema, nikimfungulia kitabu, "yuko peke yake, na yuko ukurasa wa tatu."