Gari Lililokula Oili

Wiki nzima wasiwasi mmoja ulininyima usingizi: nilipokee gari la spoti alilotaka kunipa baba mdogo, au fundi alisema kweli kwamba linakula oili kwa sababu injini imekwisha?

Juzi harufu ya oili ilinirudisha utotoni, kijijini Matogoro, mchana baba mdogo alipokuwa akiliongezea oili. Nililia nikidhani linaumwa.

"Unalia nini, we mtoto? Injini hii haina pistoni, inazunguka tu. Oili ndiyo ugali wake."

Ugali bila mboga? Nikachuma majani ya maboga, nikayapanga juu ya injini. Alicheka mpaka akakaa chini.

Leo najua injini ya aina hiyo, isiyo na pistoni, huchoma oili kidogo ili ijilainishe, hata ikiwa nzima. Nilimpigia simu.

"Shikamoo, baba mdogo. Nalichukua."

Nikanunua oili, nikaenda kulichukua.